Povu Jeupe, Bodi ya Bluu au Foili: Uweke Nini Chini ya Sakafu Yenye Joto?

Boila ikichoka utanunua nyingine. Pampu ikigoma, fundi ataibadilisha asubuhi moja. Lakini ulichokilaza chini ya zege siku ya kumwaga jamvi kitakaa na jengo mpaka jengo lenyewe liondoke, na kukirekebisha ni kuvunja sakafu nzima. Hata hivyo watu wetu wengi wanaojenga karakana huku Minnesota, madereva wa malori wanaotaka pa kutengenezea trela zao na mafundi gari waliochoka kulipa kodi ya gereji ya mtu, hutumia majuma wakilinganisha boila, kisha suala la kihami joto wanamwachia mkandarasi wa zege awaamulie. Naandika ulinganisho huu kwa ajili yao, na kwa ndugu walioko Fargo na Maine ambao baridi yao ni ya namna hiyohiyo.

Tuchukue jengo moja la mfano ili tusizungumze hewani: karakana ya futi 30 kwa 40, jamvi la inchi 4, mabomba ya PEX (plastiki ngumu inayopitisha maji ya moto ya boila ndani ya zege) ya nusu inchi yaliyolazwa kila baada ya futi moja, nafasi ya magari mawili na lifti moja ya nguzo mbili ya kuinulia gari. Ndani unataka nyuzi 16 za sentigredi, zinazomtosha mtu anayefanya kazi kwa mikono. Nje, usiku wa Januari, ni nyuzi −26.

Joto huelekea penye baridi

Utamsikia mtu akisema joto hupanda juu, kwa hiyo chini hakuna haja ya kuweka kitu. Kinachopanda ni hewa ya moto, kwa sababu ni nyepesi. Ndani ya zege na udongo hakuna hewa ya kupanda. Humo joto huelekea popote penye ubaridi kuliko hapo lilipo, iwe chini, pembeni au juu. Jamvi lenye nyuzi 27 limekalia udongo ambao kwenye kina chake huku una nyuzi 8 hadi 10 tu. Na ukingo wa jamvi hilohilo unatazamana na hewa ya −26. Pima mwenyewe tofauti kubwa iko wapi.

Kiwango cha ASHRAE 90.1, kinachotumiwa na wahandisi wa majengo Marekani, kina jedwali la sakafu zenye joto. Hesabu hufanywa kwa BTU (kipimo cha joto cha Kimarekani) zinazopotea kila saa, kwa kila futi ya mzingo wa jengo na kila nyuzi moja ya Farenihaiti ya tofauti kati ya ndani na nje: 1.35 kama hakuna kihami chochote, 0.55 ukiweka R-10 chini ya jamvi lote pamoja na ukingoni, 0.44 kwa R-15, na 0.373 kwa R-20. (R ni kipimo cha ukinzani wa joto kilichochapishwa kwenye bodi yenyewe; kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyopita kwa shida.) Mzingo wa karakana yetu ni futi 140. Katika usiku ule wa −26 tunapata hivi:

| Kilichowekwa | Joto linalopotelea ardhini na ukingoni, BTU kwa saa | Sawa na kilowati |
|---|---|---|
| Hakuna kitu | 14,200 | 4.2 |
| R-10 kote | 5,800 | 1.7 |
| R-15 kote | 4,600 | 1.4 |
| R-20 kote | 3,900 | 1.1 |

Hatua ya kwanza inaokoa BTU 8,400 kila saa. Ya pili inaokoa 1,200 hivi. Ya tatu, 700. Maana yake, kutoka sifuri hadi R-10 si jambo la kujadiliana na mtu. Kutoka R-10 hadi R-15 kuna faida kwa mwenye kuwasha joto msimu mzima. R-20 nawaachia wanaotumia gesi ya propeni ya bei mbaya au umeme wa bei ya kawaida.

Kanuni za nishati za IECC, kwa upande wa nyumba za kuishi, zinataka angalau R-5 chini ya eneo lote la jamvi lenye joto, juu ya ile inayowekwa ukingoni. Hicho ni kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Mkandarasi akikwambia "sheria imetimizwa", amekueleza kwamba hatapigwa faini. Gharama ya gesi yako ni habari nyingine.

Povu jeupe na bodi ya rangi

Mashindano ya kweli yako hapa, kati ya EPS na XPS. Zote mbili zimetengenezwa kwa polistireni. EPS ni lile povu jeupe la punje punje, jamaa wa lile linalokuja kwenye boksi la televisheni mpya, ila la chini ya jamvi limeshindiliwa zaidi. XPS ni bodi laini ya bluu, waridi au kijani, kulingana na kiwanda.

Kwa inchi moja, XPS hutoa R-5. EPS ya Aina ya II hutoa kama R-4, na Aina ya IX, iliyo nzito zaidi, kama R-4.2. Kwa hiyo R-10 unaipata kwa inchi 2 za bodi ya rangi au inchi 2 na nusu za povu jeupe. Tofauti ya nusu inchi. Kwenye jengo jipya, ambalo tingatinga bado liko kiwanjani, nusu inchi ya kuchimba haina uzito wowote. Kwa kawaida EPS hugharimu kidogo kuliko XPS kwa kila alama ya R, na kwenye futi za mraba 1,200 tofauti hiyo inaonekana kwenye risiti. Usiichukue kwenye duka kubwa la vifaa ambako wanaweka bodi nyembamba tu za Aina ya I; piga simu kiwandani au kwa wakala anayeuza kwa wakandarasi, taja aina na unene, watakuletea kwa lori.

Watetezi wa XPS wana hoja mbili. Ya kwanza ni unyevu: kwenye kipimo cha maabara XPS hunyonya maji kidogo sana, asilimia 0.3 ya ujazo, ilhali EPS hufika asilimia 2 hadi 4. Hoja hii ni ya kweli maabara. Ardhini mambo hubadilika, kwa sababu kinachoingia polepole kwenye XPS hutoka polepole vilevile. Mwaka 2008 vipande vilivyokaa ardhini miaka 15 vilichimbuliwa kwenye jengo moja St. Paul, hapahapa Minnesota. EPS ilikuwa na unyevu wa asilimia 4.8 na XPS asilimia 18.9. Utafiti huo ulifanywa kwa ajili ya chama cha watengenezaji wa EPS, na ulihusu jengo moja, kwa hiyo usiuchukulie kuwa hukumu ya mwisho. Unatosha lakini kumnyamazisha anayesema povu jeupe litageuka sifongo.

Hoja ya pili ni ugumu, na hapo wana haki kidogo. Kundi la wamwaga zege wakipita na matoroli na mabuti, bodi ya XPS haivunjiki pembe wala haiachi punje zinazopeperuka uwanja mzima. EPS nyepesi hubonyea chini ya kisigino. Aina ya IX huvumilia vizuri zaidi.

Kuna jambo la gesi pia. XPS kwa miaka mingi ilipulizwa kwa HFC-134a, gesi ambayo nguvu yake ya kupasha dunia joto ni mara 1,430 ya hewa ya ukaa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limezuia gesi za aina hiyo kwenye utengenezaji wa povu kuanzia 1 Januari 2025, na viwanda vimehamia kwenye mchanganyiko mwingine. Ukiuziwa bodi za mabaki ya stoo kwa bei ya kutupa, jua ni za zamani. EPS hupulizwa kwa penteni, na kwa kuwa gesi hiyo hutoka mapema na nafasi yake kujazwa na hewa, R yake haishuki kadiri miaka inavyokwenda. R ya XPS hushuka kidogo gesi inapovuja.

Uamuzi wangu kwa jengo jipya: EPS ya Aina ya IX, tabaka mbili za inchi 2, maungio ya tabaka la juu yasiangukie juu ya maungio ya chini. Hiyo ni R-16 na kitu. XPS ninaiweka mahali urefu unapobana, hasa ukingoni na mlangoni.

Foili ya malengelenge

Hii naisema waziwazi kwa sababu inauzwa sana kwa watu wetu: ile karatasi inayong'aa yenye vilengelenge vya hewa, nyepesi, inakunjuliwa kwa nusu saa, na muuzaji anakwambia ni sawa na inchi kadhaa za povu. Foili hurudisha mionzi ya joto pale tu inapotazama nafasi ya hewa. Ukiizika kati ya kokoto na zege hakuna nafasi, hakuna mionzi ya kurudisha; joto linapita kwa kugusana. Kinachobaki ni unene wa vilengelenge vyenyewe, kama R-1. Usiiweke, hata ukipewa bure, kama ndicho kihami pekee.

Nyingine nazipitia haraka. Poliaiso, zile bodi za njano zenye foili zinazotumika kwenye paa, hunywa maji, ziache paani. Povu la kupulizwa la seli zilizofungwa ni zuri sana, R-6 na zaidi kwa inchi, linaziba kila ufa, ila bei yake ni ya mwenye haraka au mwenye ardhi isiyonyooka. Pamba ngumu ya mawe hufanya kazi na haishiki moto, R-4 kwa inchi, lakini kwa karakana sijaona sababu ya kulipia zaidi. Kokoto za kioo cha povu, zinazopendwa Norwei na Ufini, zinachukua nafasi ya changarawe na kihami kwa pamoja, R-1.7 hivi kwa inchi, na zinahitaji kina kirefu. Mwenye kiwanja chenye maji karibu na uso wa ardhi azifikirie.

Je, lifti haitazama?

Kila fundi gari huuliza hili, na ana haki. Chukua EPS ya Aina ya IX: imekadiriwa psi 25 (pauni 25 kwa inchi ya mraba), yaani pauni 3,600 kwa futi ya mraba, lakini namba hiyo hupimwa povu likiwa limebonyea asilimia 10. Kwa mzigo wa kudumu tumia kipimo cha kubonyea asilimia 1, ambacho kwake ni psi 10.9, karibu pauni 1,570 kwa futi ya mraba. Jamvi la inchi 4 lenyewe lina uzito wa pauni 50 tu kwa futi ya mraba. Gari la pauni 7,000 kwenye lifti huweka uzito kwenye nguzo mbili, lakini zege hutawanya mzigo huo kabla haujafika kwenye povu. Aina ya II, yenye psi 7.3 kwa kipimo hicho, inatosha kwa maegesho ya kawaida.

Tatizo la lifti huwa kwenye zege, halafu kwenye mabomba. Soma kitabu cha lifti yako: vingi vinataka zege la inchi 4 na robo au 6, la psi 3,000 kwenda juu. Chini ya kila nguzo chimba zaidi, jamvi liwe nene pale, povu lishuke pamoja nalo bila kukatika. Kisha hakikisha hakuna bomba linalopita eneo la nguzo. Kabla ya kumwaga, laza futi kamba juu ya wavu wa nondo na upige picha kila pembe, vipimo vionekane. Atakayetoboa sakafu hiyo kwa ajili ya bolti za lifti mpya, pengine mwanao, atazihitaji hizo picha.

Kwa karakana kuna hatari ambayo nyumba ya kuishi haina. Petroli, tina ya kuchanganyia rangi na dawa za kusafishia breki huyeyusha polistireni, nyeupe na ya rangi vilevile. Mwaga petroli kidogo kwenye kipande cha povu nje uone kinavyonywea na kubaki ute. Sasa fikiria matone ya miaka kumi yakipenya kwenye ufa wa jamvi. Mistari ya kukatia zege izibwe kwa silanti inayostahimili mafuta, na nailoni ilazwe juu ya povu.

Ukingo, ambako pesa hupotea

Ukitaka kujua jengo lilijengwaje, zunguka nje siku mbili baada ya theluji kuanguka. Kwenye karakana isiyo na kihami ukingoni utaona utepe wa ardhi nyeusi iliyolowa kando ya ukuta, theluji imeyeyuka, na mbele ya mlango mkubwa kibao cha barafu pale maji yalipoganda tena usiku. Hiyo ni gesi yako imelala pale chini. Watu huweka inchi 4 katikati ya jamvi, ambako udongo una nyuzi 8, wakaacha ukingo wazi kwenye −26.

Namna ya kuziba inategemea msingi. Kwenye msingi wa ukuta wa zege uliochimbwa chini ya mstari wa kuganda (Minnesota kanuni ya jimbo inataka inchi 42 kusini na inchi 60 kaskazini), simamisha XPS ya inchi 2 upande wa ndani, kati ya ukuta na jamvi, ishuke futi 4. Sehemu ya juu ikatwe mshazari ili ubao wa ukuta au zege liifunike. Kazi ni safi, na povu halionekani wala halipigwi na jua.

Jamvi lililomwagwa pamoja na msingi wake, lenye ukingo mnene, halina nafasi ya ndani. Povu linakaa nje, kisha linageuka na kutandazwa chini ya udongo kama bawa kuelekea mbali na jengo, ili baridi isifike chini ya msingi. Sehemu inayochungulia juu ya ardhi ipakwe plasta ya saruji au ifunikwe bati. Mashine ya kukata nyasi hula povu tupu msimu mmoja, jua hulimaliza, na sisimizi wakubwa wa mbao wanapenda sana kujichimbia humo.

La tatu ndilo linalojengwa zaidi na watu wetu, jengo la nguzo za mbao zilizofukiwa, kwa kuwa ni rahisi na la haraka. Hapo jamvi linamwagwa baadaye, likigusa ubao wa chini wa ukuta. Ubao huo unauficha ukingo na kila mtu anausahau. Ubao wa inchi moja na nusu hautoi hata R-2. Kabla ya zege, simamisha inchi 2 za XPS ndani ya ubao, uzungushe kila nguzo kwa vipande vilivyokatwa vizuri, na ushuke chini kadiri utakavyoweza kuchimba bila kulegeza nguzo. Ni kazi ya kupiga magoti siku nzima. Usimwachie kibarua asiyejua kwa nini anaifanya.

Mlango mkubwa nao unahitaji mkato: kipande cha povu gumu kisimame kati ya jamvi la ndani na zege la nje, kifunikwe kwa bati nene la pembe ili matairi yasikile. Jamvi likiendelea moja kwa moja mpaka uwanjani, unapasha joto uwanja.

Nailoni na mabomba

Nailoni ya kuzuia unyevu iwe mil 10 kwenda juu (mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi). Ile ya mil 6 hutobolewa na nondo kabla zege halijafika. Ikae juu ya povu au chini? Kama mabomba unayafunga kwenye wavu wa nondo, ilaze juu ya povu, moja kwa moja chini ya zege. Kama unayabana kwa vibanio kwenye povu lenyewe, kila kibanio ni tundu, kwa hiyo ishushe chini ya povu na uombe mvua isinyeshe kabla ya kumwaga, maana maji yatanaswa.

Mimi napendelea kufunga kwenye wavu ulioinuliwa kwa biskuti za zege, bomba likae katikati ya unene. Bomba likilala chini kabisa sakafu huchelewa kupata moto, na maji lazima yawe ya moto zaidi. Kila mzunguko usizidi futi 300. Jaza hewa ya shinikizo na uiache humo wakati wa kumwaga, geji ikionekana. Likitobolewa na reki utajua palepale.

Inchi ngapi kwa matumizi yapi

Jamvi letu lina uzito wa karibu pauni 58,000, na kila nyuzi moja ya Farenihaiti inalitaka BTU 11,600. Kulipandisha nyuzi 10 za Farenihaiti ni BTU 116,000, karibu saa mbili za boila ya BTU 60,000, na hapo hatujahesabu kinachopotea. Bila kihami, udongo wa chini nao unadai sehemu yake kwanza, na hizo saa mbili zinageuka siku kadhaa.

Kwa hiyo mwenye gereji inayofanya kazi kila siku aende R-15. Anayeingia mwisho wa juma tu asidhani anaweza kubana kwa sababu anatumia kidogo: sakafu hii haizimwi Ijumaa na kuwashwa Jumamosi, unaishusha nyuzi chache na kuiacha, kwa hiyo inapoteza joto juma zima. R-10 ni chini yake ya mwisho. Na kama chama chako cha umeme cha vijijini kina bei nafuu ya usiku, vingi vya Minnesota na North Dakota vinayo, jamvi linaweza kupashwa usiku na kukaa na moto mchana. Hapo kila alama ya R inarudisha pesa, na R-20 inaingia akilini.

Mwenye jamvi tayari

Ukinunua karakana yenye sakafu baridi isiyo na mabomba, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulaza XPS ya inchi 2 juu ya jamvi la zamani, mabomba, kisha zege jipya la inchi 3 au 4. Utapoteza inchi 5 au 6 za urefu, milango itainuliwa, na kila nguzo ya lifti itahitaji dirisha kwenye povu ili bolti zishike zege lililoshikana mpaka chini. Fanya hivyo tu kama dari ni refu na unakusudia kukaa hapo.

Ya pili ni kuachana na mabomba. Chimba mtaro futi 2 nje kuzunguka jengo, simamisha inchi 2 za XPS kwenye ukingo, tandaza bawa, piga plasta, kisha ning'iniza hita ya gesi darini. Sakafu haitakuwa ya moto, lakini haitakuwa barafu, na gharama yake ni sehemu ndogo ya ile ya kwanza. Mtaro uchimbwe kati ya Mei na Oktoba, na kabla ya jembe kugusa ardhi piga 811 waje kuweka alama za gesi na umeme. Huduma hiyo ni bure.